Shajara ya mradi: kupima mapafu na moyo wa wachoma nyama, Nairobi

Nitakuwa naongeza hapa kila tukimaliza hatua. Swali letu ni dogo: mtu anayesimama kwa jiko la makaa kutoka asubuhi mpaka usiku, mapafu na moyo wake vikoje ukilinganisha na muuza bucha wa hapo kando ambaye hashiki moto? Saa hii ni pailoti tu, kwa hivyo kama unatafuta matokeo hayapo. Kilichopo ni mashine, stoo ya mabati, moshi na risiti. Naandika ndio mwingine akitaka kufanya kitu kama hii asianze pale tulianzia.

12 Mei 2025: Vibali na vifaa

Kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya serikali ya sayansi na utafiti), barua ya kaunti, alafu mwenyekiti wa soko. Fuata hivyo hivyo, na usimwache mwenyekiti mwisho kama wengi wanavyofanya, kwa sababu bila yeye hata ukiwa na makaratasi yote utakaa hapo nje ukitazamwa. Yeye ndiye alitupatia stoo nyuma ya bucha, bure, bora tulipe tokeni za stima.

Vifaa: spairometa (mashine ya kupima pumzi ya mapafu) ya kushika mkononi yenye tabaini (ile kipropela inazunguka ukipuliza), sirinji ya lita 3 ya kuikagua, mashine ya ECG (inayochora umeme wa moyo) ya waya 10 inayotoa karatasi, oksimita ya kidole (inasoma asilimia ya oksijeni kwenye damu), kipima kaboni monoksaidi (ile gesi ya sumu ya makaa) kwenye pumzi, mizani na kipimo cha urefu. Spairometa na ECG tumeazimwa. Sirinji ilibidi tununue, ilitumia 40,000 na kitu, na kuna mtu kwa timu aliuliza kama kweli ni lazima. Ni lazima, utaona huko chini.

Kitu kinakula pesa polepole ni filta za mdomoni, kama shilingi 300 kila moja ukinunua kwa boksi, na kila mtu ni yake mpya. Hapo hakuna kubana. TB iko, na mtu akipuliza kwa nguvu zake zote anatoa kila kitu. Pia kabla ya kupuliza tunauliza maswali ya TB: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, kupungua kilo. Mtu akisema ndio kwa lolote, hapulizi, tunampeleka akatoe makohozi kwanza.

Sheria ya kulinda data ya 2019 nayo isikupite. Sisi tunalipa watu muda wao kwa M-Pesa, maana yake tuna majina na namba za simu, kwa hivyo orodha ya malipo inakaa kando kabisa na daftari la vipimo na anayelipa haoni mapafu ya mtu.

27 Mei 2025: Mashine inasema uongo

Ukaguzi wa kila asubuhi ni rahisi kueleza. Unaunganisha sirinji, unasukuma lita 3 polepole, unasukuma kwa kasi ya kati, unasukuma haraka, na kila mara mashine inafaa isome kati ya 2.91 na 3.09, yaani isizidi asilimia 3 juu au chini. Yetu haraka ilikuwa 3.02. Kati ilikuwa 2.97. Polepole, 2.80.

Mtu akiona hivyo anawaza moja kwa moja kuna mahali hewa inavuja, na ni wazo zuri kwa sababu ukisukuma polepole hewa inapata muda wa kutoroka. Tukabadilisha raba ya kuunganisha, tukafunga na tepu, tukajaribu tena, 2.81. Sirinji yenyewe tukaiziba mdomo kwa kiganja tukasukuma, haikuenda popote, kwa hivyo haivuji. Hapo ndio nurse wetu akachomoa tabaini akaiinua kwa mwanga wa mlango, na kumbe kuna unywele mmoja mwembamba umejizungusha kwenye ule mhimili, na juu yake kama utando wa majivu na mafuta. Ukipuliza kwa nguvu kipropela kinashinda ule unywele, ukipuliza taratibu kinakwama kidogo. Fikiria sasa mgonjwa wa pumu ambaye mwisho wa pumzi yake inatoka polepole sana, mashine ingemkata pale pale na tungeandika kwamba mapafu yake ni madogo.

Dawa yake: kuloweka kwenye maji safi yenye dawa kama kitabu cha mashine kinavyosema, kutikisa, kuanika. Usiweke chini ya mfereji, maji ya nguvu yanavunja kipropela. Tangu hapo tabaini inakaa kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, inatolewa tu mtu akiwa tayari, na ukaguzi wa sirinji ni kabla ya kuanza na tena saa sita, kwa sababu majivu ya jikoni hayaogopi mlango.

Ya pili, hii ilikuwa kwenye mipangilio. Mashine inauliza kanieneo ya hewa (hewa inakandamiza kiasi gani), na aliyeitumia mwisho alikuwa ameacha hektopaskali 1013, ile ya usawa wa bahari. Mtu mmoja akafungua programu ya hali ya hewa kwa simu akasema hapa ni 1018. Haiwezekani. Hizo programu zinaonyesha namba iliyorekebishwa kana kwamba uko Mombasa ufukweni, na sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu. Hewa halisi ya hapa ni kama 830 hadi 840. Nilipiga hesabu ya tofauti inaleta nini kwenye kubadilisha ujazo kuwa wa joto la mwili, ikatoka kama asilimia 1, si kubwa, lakini ni asilimia 1 kwa kila mtu upande ule ule, na hilo halijifichi ukishaweka watu pamoja. Kama simu yako ina baromita ndani, soma hiyo.

10 Juni 2025: Hawa watu wanapuliza moto

Hii ndio sehemu nilidhani itakuwa rahisi kuliko zote. Mchoma nyama kupuliza ni kazi yake ya kila siku, sivyo?

Sivyo. Spairometri inataka mtu avute hewa mpaka ijae kabisa, alafu aachilie yote kwa mlipuko, bila kusita, na aendelee kukamua mpaka hakuna kitu. FEV1 ni kile kilichotoka sekunde ya kwanza, FVC ni chote. Sasa mtu aliyezoea kuamsha makaa anapuliza vingine: anabana midomo, anaanza taratibu asirushe majivu kwa nyama, anaongeza, anapumzika, anarudia. Mwili wake umejifunza hivyo kwa miaka. Grafu zikawa zinatoka zikiwa na mabega yaliyolala badala ya kilele kikali, na mashine inakataa kwa sababu mwanzo umechelewa. Kanuni za ATS na ERS (vyama vya madaktari wa mapafu wa Marekani na Ulaya) za 2019 zinasema hewa inayotoka kabla ya mwanzo wenyewe isizidi asilimia 5 ya FVC au mililita 100, ile iliyo kubwa. Sisi tulikuwa tunapita hapo kila saa.

Tukajaribu kueleza kwa maneno mengi zaidi. Ikawa mbaya zaidi, mtu anasikiliza anaitikia "sawa daktari" alafu anapuliza makaa. Tukajaribu video kwa simu, ya mzungu kwenye chumba cheupe, wakacheka.

Kilichofanya kazi ni mzee mmoja wa pale, mchomaji wa zamani ambaye kifua kilimzuia kuendelea, sasa anakata kachumbari. Yeye tulimpima vizuri kwa bahati, alikuwa ameshapimwa hospitali kitambo. Akaanza kusimama kando ya kiti bila kuombwa. Anamwambia kijana, "We, hapa hakuna makaa. Hii ni kama umekanyagwa." Alafu mtu akianza tu kupuliza anampigia kelele, "Toa! Toa! Usiniachie hapo, bado iko, bado iko, bado..." mpaka kijana anageuka rangi. Kilele kikawa kikali. Mwisho wa grafu ukalala vizuri, yaani sekunde ya mwisho haitoki zaidi ya mililita 25, ndio kanuni inavyotaka.

Tumemweka kwenye bajeti rasmi kama msaidizi, analipwa kwa siku, na kamati ya maadili tumeiandikia marekebisho kwa sababu anaona watu wakipimwa, ilibidi asaini karatasi ya usiri. Wengine watasema kazi ya kufundisha kupuliza ni ya mtaalamu mwenye cheti. Mimi nimeona cheti na nimeona mzee.

Vitu vidogo vingine: gamubuti zivuliwe kabla ya kupima urefu, kwa sababu hesabu yote ya mapafu yanayotarajiwa inasimama juu ya urefu. Mshipi ulegezwe. Aproni itoke. Asiwe amekula ugali sahani nzima dakika hiyo hiyo. Majaribio yasizidi 8, baada ya hapo mtu amechoka na unampima uchovu. Na FEV1 mbili kubwa zisipishane zaidi ya mililita 150, vivyo hivyo FVC mbili kubwa. Hiyo ndio inakuambia kama kipimo ukipe daraja A la ubora au umrudishe siku nyingine.

24 Juni 2025: ECG na friji ya bucha

Kesho kuna maandamano na barabara za tao sijui kama zitapitika, kwa hivyo naandika leo.

ECG ya kwanza kutoka hapa stoo ilikuwa nene kama mtu amechora kwa makaa. Ukiangalia karibu unaona ni meno madogo yaliyolingana, 10 ndani ya kila kisanduku kikubwa. Karatasi inakimbia milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kikubwa ni sekunde 0.2, kwa hivyo meno 10 hapo ni 50 kwa sekunde, na hiyo ni stima. Moyo hauna kosa. Ukuta wa nyuma una friji mbili za bucha na waya za ekstenshen zimepita chini ya benchi la chuma tulilokuwa tunalaza watu.

Mashine ina kitufe cha kuchuja, ukikiweka kwa hezi 40 (mitetemo kwa sekunde) picha inakuwa safi kama ya kitabuni. Usifanye hivyo ukadhani umemaliza. Kichujio hicho kinakata vilele na kinaweza kukuficha vitu vidogo pale mwisho wa mpigo, na kwa mtu mzima unataka mashine ibaki wazi mpaka hezi 150. Tulichofanya: benchi la chuma likatoka, tukapata meza ya mbao na godoro jembamba, mashine tukaitoa kwa soketi ikatumia betri yake, waya za mgonjwa tukazikusanya pamoja zisitandazwe kama nyavu, na ekstenshen ikahamia ukuta mwingine. Meno yakapotea karibu yote. Meza na godoro zilitumia kama 4,500, fundi wa stima 800.

Ngozi nayo. Mtu ametoka kwa jiko, kifua kina mafuta na jasho, elektrodi inateleza. Spiriti na gozi, sugua kidogo mpaka ngozi iwe nyekundu kiasi, nyoa kama nywele ni nyingi, omba ruhusa kwanza. Kina mama wachomaji, wapo na ni wengi kuliko nilivyofikiria, wanapimwa na nurse mwanamke nyuma ya pazia, na mlango tumeweka komeo la ndani. Bila hiyo komeo walikuwa wanasema watarudi kesho, na kesho haifiki.

Makosa mawili ya kuweka waya tumeyaona sana. Moja ni V1 na V2 (elektrodi mbili za kwanza za kifuani) kuwekwa juu mno, watu wanakadiria kwa macho badala ya kuhesabu mbavu mpaka nafasi ya 4. Lingine ni mkono wa kulia na wa kushoto kubadilishana, na hilo linajionyesha lenyewe: lidi I (mmoja wa mistari ya ECG) inageuka juu chini, na aVR (mstari mwingine, ambao kawaida huangalia chini) inaangalia juu. Ukiona hivyo usiandike ugonjwa, angalia waya.

Alafu kulikuwa na siku ya kijana mmoja, mwenye nguvu, hana maumivu yoyote. Mashine ikachapa kwa herufi kubwa kwamba ana shambulio la moyo. Na yeye anajua kusoma. Akainuka akiwa na elektrodi kifuani. Kilichokuwepo ni ile hali ya ST (kipande cha mstari baada ya mpigo mkubwa) kuinuka kidogo na kidoti pale inapoanzia, ambayo inaonekana kwa vijana wengi wazima, hasa wanaume na hasa wenye asili ya Kiafrika na wanamichezo, na daktari wa moyo alithibitisha baada ya kuangalia karatasi na kumuuliza maswali na kumrudia kumpima tena. Lakini huyo kijana alikuwa ameshampigia mamake ushago. Saa hii tafsiri ya mashine imezimwa, karatasi inatoka bila maneno, picha inaenda kwa daktari, na mtu anaambiwa tangu mwanzo kwamba jibu linakuja kwa binadamu. Lakini aliye na maumivu ya kifua haachwi kungoja daktari asome, huyo anapelekwa hospitali.

8 Julai 2025: Baridi

Jana ilikuwa Saba Saba, siku ya maandamano, na barabara za kuingia tao zilifungwa, hakuna aliyefika. Leo tumerudi na shida ni baridi.

Saa mbili asubuhi stoo ilikuwa digrii 14. Kanuni za zamani za ATS na ERS za 2005 zilishasema chini ya 17 kuna tatizo, na mashine yetu ilikataa kabisa kuanza. Na ECG nayo mtu akilala bila shati anatetemeka, mstari unakuwa kama msumeno mbovu, usio na mpangilio, tofauti na yale meno ya stima.

Mmoja wa wapishi kwa roho safi kabisa akatuletea jiko lililowaka ndani ya stoo. Tulimshukuru sana na tukalitoa nje mbio. Kwanza ni hatari, chumba kimefungwa, na pili tunapima moshi! Hita ya stima tukaazima, ikarudisha yale meno 50 kwenye ECG, na tokeni zikaisha kabla ya saa sita.

Tulipofika ni hapa: tunaanza saa nne. Sirinji na spairometa zinalala chumba kimoja usiku, zisipishane joto, kwa sababu ukitoa sirinji kwenye buti ya gari la baridi ukaiunganisha na mashine iliyokaa ndani, ukaguzi unakudanganya. Blanketi mbili za Maasai, moja ya miguu, moja ya kufunika tumbo na mikono wakati wa ECG. Kipimajoto kidogo ukutani, 600. Kuanza saa nne kunatubana na watu wa lunch, saa sita na nusu hakuna mchomaji atakayekaa kwa kiti chako, kwa hivyo kwa siku tunapima wachache kuliko tulivyoandika kwenye bajeti. Hiyo ndio gharama halisi ya Julai Nairobi.

22 Julai 2025: Oksimita inatabasamu

Kidole kinasoma 96, 97. Mchomaji aliyemaliza kazi ya jioni, macho mekundu, kichwa kinamgonga, 97. Ukiishia hapo utasema yuko sawa.

Oksimita ya kawaida inatumia mianga miwili, na kwa hiyo miwili haiwezi kutenganisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Zote inaziona nyekundu. Na hiyo gesi inashika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo ikishapanda haishuki haraka, nusu yake inahitaji kama saa 4 hadi 6 kuondoka ukiwa kwenye hewa ya kawaida. Moyo ndio unasukuma kwa bidii kufidia.

Kwa hivyo kipima pumzi ndicho chenye kazi hapa, mtu anabana pumzi sekunde 15 alafu anatoa taratibu. Shida iliyokuja: tulikuwa tunapima asubuhi kwa sababu ndio spairometri iko, na asubuhi mtu amelala usiku kucha gesi imeshatoka. Namba zote zikawa chini na mtu angeandika kwamba makaa hayana neno. Sasa kipimo cha gesi kimehama, tunarudi jioni na kifaa kimoja tu mfukoni tunawapima palepale kwa kibanda, nje, upande ambao moshi hauendi. Wavuta sigara tunawaandika kando kwa sababu wao wanafika na gesi yao tayari, na tunauliza pia muuza bucha anapikia nini nyumbani, kwa sababu kuna mtu hachomi nyama lakini amelala chumba kimoja na jiko.

Kurudi jioni kumeongeza nauli na kumemaliza uvumi mmoja. Kulikuwa na maneno kwamba tunatafuta wagonjwa ndio wenye vibanda wawafute. Wakituona tunakuja jioni tunakula mutura kama watu wengine, maneno yamepungua. Hayajaisha.

5 Agosti 2025: Kulinganisha na nani

Vipimo vya kwanza vimeingia kwa kompyuta na tumegongana kwa timu. Mashine inauliza mtu ni wa kabila gani la dunia ndio ikuambie anafaa apulize kiasi gani. Ile orodha ya GLI (mradi wa kimataifa wa viwango vya mapafu) ya 2012 ina kundi la Wamarekani weusi, halina watu wa Afrika kusini mwa Sahara, na ukichagua hilo kundi kinachotarajiwa kinashuka, kwa hivyo mtu yule yule mwenye mapafu yale yale anahama kutoka mgonjwa kuwa mzima kwa kubonyeza kitufe. Mmoja wetu anasema ndio karibu zaidi na sisi. Mimi nasema mpishi wa Eastlands aliyekulia moshi wa kuni na lishe ya shida hawezi kuwa kipimo cha mapafu mazima, na hata yule wa Marekani historia yake ya umaskini iko ndani ya hizo namba.

Tumekubaliana GLI Global ya 2022, isiyouliza asili, na namba ghafi tunaziweka zote ili anayetaka ahesabu upya. Mpaka wa ugonjwa ni alama z (mtu yuko mbali kiasi gani na wastani wa wazima wanaofanana naye) ya chini ya -1.645, si ule uwiano wa FEV1 kwa FVC wa 0.70 wa haraka haraka, kwa sababu wengi wetu hapa ni vijana na 0.70 inawapitisha vijana ambao mirija tayari imebana. Muhimu zaidi, tunalinganisha mchomaji na muuza bucha wa soko lile lile, mwenye baridi ile ile na matatu ile ile.

Anayeonekana mirija imebana anapewa salbutamoli (dawa ya kufungua mirija), mipulizo 4 ya mikrogramu 100 kupitia speisa (chombo cha kushikilia dawa kabla ya kuivuta), anakaa dakika 15, anapuliza tena. Speisa tunazotumia ni za chupa ya plastiki tulizotoboa wenyewe, zinafanya kazi, na zimeokoa pesa iliyoenda kwa filta.

Pesa mpaka leo: filta ndizo za kwanza, alafu malipo ya muda wa watu, alafu sirinji, alafu nauli za jioni ambazo hazikuwa kwenye bajeti kabisa. Stima ni kidogo.

Kinachofuata ni kumrudia kila aliyepata daraja D au chini kabla hatujaongeza watu wapya, na kutafuta mama mmoja wa kufundisha upande wa kina mama kama mzee anavyofanya upande wa wanaume, kwa sababu wao akiwapigia kelele wanacheka na grafu inaharibika. Kuna mmoja anauza chapati pale mlangoni, sauti yake inafika mpaka stage. Tunaongea naye Alhamisi.